Kidole Gumba cha Mama Kilo

Kabla hajakusalimia vizuri alikuwa ameshaomba mguu. Si wako, wa mtoto. Ukikutana naye sokoni Birere kati ya vibanda, alikuuliza habari za nyumbani huku mkono wake umeshaingia chini ya kikwembe ulichombebea mtoto mgongoni, ukitafuta unyayo. Akiupata, aliweka kidole gumba juu ya mguu, pale palipo laini nyuma ya vidole, akabonyeza, akahesabu kimoyomoyo moja mpaka tano, akakiondoa na kuangalia. Kisha akatafuta mguu wa pili, akafanya vilevile. Baada ya hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Watoto wa mtaa wetu walimzoea. Wengine walipomwona tu walijitupa chini na kunyoosha miguu yote miwili, kwa mchezo, na yeye hakuupuuza mchezo huo hata siku moja. Aliinama, akabonyeza, akahesabu.

Tulimwita Mama Kilo. Jina alilobatizwa nalo nalijua, lakini hakuna aliyelitumia, na nadhani hata yeye lingemshtua akilisikia. Alifanya kazi katika disipanseri ndogo ya masera, yaani wale masista Wazungu, nyumba ya mawe meusi yenye baraza ndefu. Kila Jumanne alipima watoto wadogo waliokuwa bado hawajatimiza miaka mitatu. Hiyo ilikuwa Goma ya miaka ya hamsini, wakati mji ulikuwa mdogo na mtu akipiga chafya Birere aliombewa heri na watu waliokuwa wakishuka kuchota maji ziwani Kituku.

Niseme jambo moja mapema, ili usome ukijua unakokwenda. Tabia hiyo ya kubonyeza miguu aliianza baada ya binti yangu. Mama Kilo alimpima mtoto wangu wa kwanza, akasoma mizani, akapiga makofi, na siku tisa baadaye tulimzika. Nilibaki jirani yake miaka iliyofuata. Katika miaka hiyo kulikuwa na neno moja nililolijua mimi, ambalo nilitakiwa kumwambia na sikumwambia. Kila mwaka ulipopita lilizidi kuwa zito mdomoni.

Lakini kwanza nikueleze alivyokuwa, maana hakuwa mtu wa huzuni tu.

Alikuwa mwembamba kama ufito. Mizani yake ilikuwa ya kuning'inia: sahani ya duara yenye mshale, imefungwa kwenye boriti ya baraza, na chini yake ndoano iliyobeba kitambaa kizito chenye matundu mawili ya miguu. Wanawake walimtania kwamba akiingia yeye mwenyewe katika kitambaa kile mshale hautashtuka. Aliwajibu kwamba yeye hakuja kupimwa, na kwamba mwenye nyama nyingi kati yao aje mbele ili apunguziwe kidogo wagawiwe wengine. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu wa milima ya Masisi aliyezoea kuongea na ng'ombe, ambao hawapendi kelele.

Makofi ndiyo yaliyompa sifa mjini. Aliyaanzisha mwenyewe katika mwaka wake wa kwanza. Mtoto akiwa ameongezeka, Mama Kilo alitaja kilo kwa sauti, akaandika kwenye kadi tuliyoiita fishi, kisha akapiga makofi matatu, na baraza nzima ikaitika matatu. Lilikuwa jambo dogo, lakini jaribu kuliona kwa macho ya msichana wa miaka kumi na tisa, ameolewa mjini, hana mama karibu, mama mkwe anamwangalia kila anapokoroga chungu. Makofi yale yalikuwa ushahidi. Ulirudi nyumbani umenyooka. Mwenzako ambaye mtoto wake hakuongezeka alipokea fishi yake kimya, akatoka akipitia upande wa ukuta.

Kwa hiyo tulidanganya. Sote, kwa njia moja au nyingine. Tuliwanywesha watoto maji njiani mpaka tumbo likatoa sauti. Tuliwavalisha sweta mbili. Mwanamke mmoja, mke wa seremala, alificha jiwe katika nepi ya mwanawe. Mama Kilo alipomtoa mtoto kwenye kitambaa, jiwe likadondoka miguuni pake. Hakugomba. Aliliokota, akaliweka kwenye kitambaa peke yake, akasubiri mshale utulie, akatuambia jiwe linaendelea vizuri na halina homa. Kisha akamgeukia yule mwanamke.

"Mama, ungechagua jiwe la kwingine. Haya ya huku kwetu yanaonekana makubwa, lakini yamejaa matundu. Hayana uzito."

Tulicheka mpaka mke wa seremala naye akacheka. Nimelikumbuka jiwe lile mara nyingi tangu hapo, na si kwa kicheko.

Mimi udanganyifu wangu ulikuwa wa namna nyingine, na wakati ule sikujua kama ni udanganyifu. Katika ukoo wa mume wangu mtoto alifungwa uzi wa shanga juu kidogo ya kifundo cha mguu siku ile kitovu kilipoanguka. Uzi ule ndio uliokuwa mizani ya bibi zetu. Mtoto akinona, uzi unabana. Unapobana, bibi anaukata, anaufunga mwingine mrefu zaidi, na siku hiyo mama anapikiwa. Uzi ukilegea, bibi anakunja uso na mama anaulizwa maswali. Hakuna aliyehitaji namba.

Binti yangu tulimwita Vero. Alikuwa na miezi kumi na sita nilipogundua kwamba nina mimba nyingine. Desturi yetu ilikuwa wazi: maziwa ya mwenye mimba yanamharibu aliyezaliwa, basi mtoto anaachishwa siku ileile. Nilimwachisha siku ileile. Akaingia katika chakula cha wakubwa: bugali ya muhogo, mara mbili kwa siku, na mchuzi wa sombe, yaani majani ya muhogo, nikimchovyea, ule mchuzi tu, kwa kuwa majani yalimkaba. Alikula akashiba. Tumbo lilikuwa limejaa kila jioni, na mimi nililala nikijua nimefanya kazi yangu.

Hapa naomba unipe nafasi nieleze polepole kitu ambacho wakati ule hakuna mtu aliyenieleza. Kushiba ni jambo moja na kujengwa ni jambo lingine. Muhogo unampa mtoto nguvu ya siku ile: ya kutambaa, ya kulia, ya kukaa na joto. Lakini nyama ya mwili wake, damu, nywele, hata ngozi inayofunika kidonda, vinahitaji chakula cha kujengea, ambacho kinapatikana katika maziwa, maharagi, karanga, samaki, yai, nyama. Mama akinyonyesha, anajenga bila kujua. Siku anapomwachisha ghafla, bila kuweka kitu cha kujengea mahali pa ziwa, ujenzi unasimama. Na mwili usiojengwa hauwezi hata kuyashika maji yake. Maji yanatoka kwenye damu yanaingia katika nyama, yanajikusanya miguuni, mikononi, usoni. Mashavu yanajaa. Mtoto anaonekana amenona. Anazidi hata kwenye mizani, maana maji nayo yana uzito. Kumbe ndani anaisha.

Huku kwetu Kivu ugonjwa huo unaitwa bwaki. Tulilijua jina. Tulidhani ni mtoto mwenye nywele nyekundu na ngozi inayochubuka, mtoto wa watu wengine, amepigwa na wivu wa mdogo wake aliye tumboni. Hatukujua kwamba kabla ya hapo kuna wiki moja au mbili ambapo bwaki inafanana na baraka.

Jumanne ile Vero alikuwa ameongezeka zaidi ya nusu kilo katika wiki mbili. Hakuna mtoto aliyewahi kufanya hivyo. Mama Kilo alisoma mshale mara mbili, akataja namba kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo tena, akapiga makofi. Baraza ikaitika, na kwa kuwa namba ilikuwa kubwa ikaitika tena bila kuombwa. Vero alining'inia katika kitambaa kile, mashavu yamejaa, akituangalia. Hakucheka. Watoto wote walicheka wakisikia makofi. Yeye alituangalia tu, kama mtu anayesubiri tumalize.

Sitaelezea siku tisa zile.

Mama Kilo alikuja kwenye msiba siku ya kwanza, akakaa na wanawake, na alipoondoka hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa masera mkuu wa disipanseri, akamweleza kila alichokiona. Ni kwa masera yule alikosikia kwamba alipaswa kubonyeza miguu. Alikuwa amefundishwa kusoma mshale na kuandika fishi, basi. Hakuna aliyemwonyesha hilo jingine. Siku ya nne ya msiba alirudi kwangu, akakaa chini pembeni yangu, akaniambia yote, bila kupunguza. Kwamba yale yalikuwa maji. Kwamba kidole kimoja, hesabu ya tano, kingetosha kumwonyesha. Kwamba alimpigia makofi mtoto aliyekuwa anakufa.

"Ilikuwa kazi yangu kuona," alisema. "Wewe ulinileteya mutoto, mimi sikuona. Usijibebeshe, mama."

Nilinyamaza. Wote waliokuwepo walidhani ni majonzi. Lakini nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na jambo la kusema. Siku mbili kabla ya Jumanne ile nilikuwa nimemwogesha Vero nikaona uzi umebana. Sikumngoja bibi yake, niliukata mwenyewe. Na uzi ulipoanguka, alama yake haikuanguka. Ilibaki pale imezama kwenye ngozi, duara kuzunguka mguu, na nilipogusa karibu yake kidole changu nacho kikaacha shimo. Nililiona. Nililiangalia shimo lile kwa muda mrefu zaidi ya hesabu ya tano. Halafu nikapaka mafuta ya ng'ombe, nikasugua mpaka ngozi ikang'aa, kwa sababu Jumanne ilikuwa inakuja na nilitaka makofi.

Hilo ndilo neno nililolificha. Mwanamke yule alikuwa amekaa mbele yangu akibeba mzigo wote peke yake, na nilimwacha aubebe.

Baada ya hapo makofi yalikoma. Jumanne iliyofuata wanawake walipotaka kupiga makofi, Mama Kilo aliinua mkono. Akawaambia kuanzia leo miguu kwanza. Hakueleza sababu, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa mji ni mdogo.

Kazi yake ilibadilika. Zamani ilikuwa kupima. Sasa ilikuwa kupika. Alileta jiko na chungu, akaanza kutufundisha pale barazani, baada ya kupima, namna ya kumpikia mtoto asiye na ziwa. Maharagi yalowekwe usiku kucha, yapikwe mpaka yavunjike, yamenywe maganda yote, yapondwe laini yakorogwe kwenye uji. Karanga zikaangwe, zisagwe, kijiko kimoja kamili ndani ya kila bakuli. Samaki mkavu wa chumvi wa Vitshumbi aoshwe chumvi, akaushwe tena, atwangwe pamoja na mifupa yake mpaka awe unga. Na maziwa ya unga ambayo masera walipewa kwa mifuko, yachanganywe na maji yaliyochemka, si ya ziwani hivihivi.

Alikuwa na mfano mmoja aliourudia mpaka tulimaliza sentensi zake. Bugali ni kuni. Maharagi, maziwa, samaki, yai ni mawe ya ukuta.

"Mama," alimwambia kila mgeni, "utawasha moto kila siku ndani ya nyumba isiyo na ukuta, upepo wa ziwa unapita?"

"Hapana," mgeni alijibu.

"Basi kuni tunazo. Leo umeleta jiwe gani?"

Na ilikuwa lazima utaje. Hakukubali ukiondoka bila kutaja jiwe la siku ile. Kama hukuwa na kitu hakukuaibisha. Alikutia unga wa karanga kwenye kona ya kikwembe, akakufungia fundo mwenyewe.

Kuhusu mayai alipata vita. Wanawake wengi waliuza mayai Himbi, kwenye nyumba za Wazungu kando ya ziwa, na kuliko kumpa mtoto yai waliona heri waliuze wanunue sabuni. Bibi mmoja alisimama barazani akasema kila mtu anajua kwamba mtoto akila yai anachelewa kusema.

"Basi atachelewa kukutukana," Mama Kilo alimjibu. "Mupatie mawili."

Mama mkwe wangu, aliyekuwepo, alilirudia jibu lile nyumbani mara tatu akitikisa kichwa, na wiki ileile nikamkuta anamlisha mwanangu wa pili yai la kuchemsha, amejificha nyuma ya nyumba ili mimi nisione.

Lakini usidhani alikuwa mtu aliyeyamaliza mambo yote ndani yake. Alitoka katika familia ya wafugaji, na katika familia yao samaki hakuingia nyumbani. Walimhesabu pamoja na nyoka. Alipotwanga samaki kwa ajili yetu aligeuza uso na kubana pumzi. Tuliona, tukanyamaza kwa heshima, mpaka siku moja muuza samaki wa Kituku, mwanamke mwenye mdomo, alichota unga ule kwenye kijiko akamnyooshea.

"Onja basi, Mama Kilo. Ama ni dawa ya batoto ba wengine tu?"

Mama Kilo alikiangalia kijiko. Akakitia mdomoni, akameza, machozi yakamtoka, akasubiri yapite.

"Ni nzuri," alisema. "Nani mwingine?"

Muuza samaki alimletea kila Jumanne tangu siku hiyo fungu la samaki bure, na kila Jumanne Mama Kilo alionja kijiko kimoja mbele ya watu, na kila Jumanne machozi yalimtoka. Hakumzoea samaki hata kidogo.

Na kwao kulikuwa na mwiko kwamba aliyekula karanga asinywe maziwa siku ileile, maana kiwele cha ng'ombe kitaumwa. Mama Kilo alitufundisha kwamba vyote viwili vinamjenga mtoto. Lakini ukimwangalia vizuri, aliwapa watoto maziwa asubuhi, na karanga akazisogeza mpaka jioni. Nilipomuuliza aliona haya. Akasema ng'ombe wa baba yake wako mbali, lakini hana hakika hawasikii.

Hakuwahi kuzaa mtoto. Aliolewa, mume akarudi milimani, hakuna zaidi ya hayo ninayoyajua. Kulikuwa na watu waliosema kwa sauti ya chini kwamba asiyezaa anawezaje kuwafundisha wenye watoto. Maneno hayo yalimfikia, kwa sababu Goma kila neno lilimfikia kila mtu. Aliendelea kuomba miguu.

Kuna siku moja ambayo siwezi kuiacha. Aliletwa mvulana kutoka njia ya Rutshuru, wa umri ule wa Vero, amevimba mpaka macho yamekuwa mistari. Mama Kilo alibonyeza, shimo likabaki. Hakupiga kelele. Alimweka mama yule katika chumba cha disipanseri, na masera na yeye wakamlisha mtoto maziwa kwa kijiko, kidogokidogo, mara nyingi kwa siku. Baada ya siku sita alimpima barazani. Mshale ulishuka. Kilo nzima imepotea.

Mama wa mtoto alianza kufunga vitu vyake. Alisema wanamwibia mtoto, alikuja na kilo tisa, sasa ana nane, kesho atakuwa na saba, afadhali afie kwao. Wanawake wakamuunga mkono, maana sote tulijua mshale ukishuka maana yake nini.

Mama Kilo alimshika mkono, akakipeleka kidole cha mama yule kwenye mguu wa mwanawe, akakibonyeza chini kwa kidole chake mwenyewe. Wakahesabu pamoja. Wakaondoa. Nyama ilirudi juu, taratibu, lakini ilirudi.

"Ile kilo ilikuwa maji, mama," alisema. "Maji imetoka. Sasa atabaki mudogo siku chache, halafu utaona ataanza kupanda, na itakuwa nyama. Ngoja na mimi. Ukishindwa kungoja, kaa tu, nitangoja kwa sisi wote."

Mvulana akamtazama, akacheka. Cheko dogo, lisilo na sababu. Mama Kilo alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu Vero akapiga makofi matatu. Sisi tulichelewa kuitika, hatukuamini. Ndiyo mara pekee nilipoona mtoto akipigiwa makofi kwa kupungua.

Nilirudi nyumbani. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi ambavyo ingekuwa. Maziwa kwa kijiko. Siku sita. Kama ningepeleka shimo lile kwa mtu yeyote, badala ya mafuta.

Kitu kingine kilichonisumbua ni droo. Chini ya meza yake kulikuwa na droo, na kila Jumanne kabla ya kumpima mtoto wa kwanza aliifungua, akaangalia ndani, akaifunga. Siku moja nilipita nyuma yake nikaona. Ilikuwa fishi ya Vero. Namba zilipangwa chini kwa chini kwa mwandiko wake, zikipanda, na mstari wa mwisho ndio uliokuwa mzuri kuliko yote.

Sikusema kitu siku hiyo pia.

Macho yake yalianza kwenda taratibu. Kwanza alisogeza uso karibu na mshale, kisha akaomba mmoja wetu amsomee, na masera walipogundua wakampa mapumziko kwa maneno mazuri na blanketi. Alihamia chumba kimoja karibu na Kituku, mahali pekee alipopata kwa bei yake, kati ya wauza samaki. Walianika samaki mpaka kwenye kizingiti chake. Nilipokwenda kumwona, mwaka ule wa mwisho kabla ya uhuru, aliniambia hilo kwanza, na alicheka, akasema Mungu naye ana utani wake.

Nilikuwa nimembeba binti yangu mdogo, wa mwisho. Alikuwa na miezi kumi na sita, kama Vero nilipomwachisha. Sikuwa nimepanga hesabu hiyo; niliitambua nikiwa njiani, nikasimama kidogo, kisha nikaendelea.

Tuliketi mlangoni. Mwanga wa saa nne asubuhi ulikuwa juu ya maji, mitumbwi inarudi, watu wanaitana bei. Mama Kilo alinyoosha mkono, ukapapasa hewani, ukaukuta mguu. Akaweka kidole gumba. Nikaona midomo yake ikihesabu. Akaondoa kidole, akainamisha uso karibu kabisa, mpaka pua ikagusa ngozi. Alikaa hivyo. Kisha akainuka.

"Sioni," alisema. "Niambie wewe. Shimo limerudi juu ao limebaki?"

Hajawahi kuniuliza mtu swali gumu kama lile. Aliuliza kwa utulivu, uso umegeukia kwenye sauti yangu, akiamini kabisa kwamba nitamwambia nilichokiona.

"Limerudi," nilisema. Na hapo hapo, kabla sijapata woga: "La Vero lilibaki. Niliona, Mama Kilo. Nilikata uzi wa shanga Jumapili. Alama ikabaki, na kidole changu kikaacha shimo. Nikapaka mafuta nikamleta kwako ili apigiwe makofi. Umebeba peke yako miaka yote hii, na mimi nilijua."

Muuza samaki mmoja alipita akatusalimu, tukamwitikia sote wawili kama watu wasio na neno. Mtoto alivuta mguu wake, Mama Kilo akauachia.

"Zilikuwa ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Nini?"

"Shanga."

"Saba za buluu," nilisema. "Na moja nyeupe."

Alitikisa kichwa polepole.

"Munane," alisema. "Wakati ninamutia ndani ya kitambaa, niliona. Tushimo munane, tumezunguka muguu. Nilituhesabu. Nikajisemea, huyu mutoto ananona mpaka shanga zinaingia. Halafu nikapiga makofi."

Sikuweza kumwangalia. Nilikuwa nimedhani siri ile ni yangu. Kumbe Jumanne ile tulisimama pande mbili za kitambaa kimoja, tumeona alama moja, kila mmoja ameipa jina alilolitaka. Na miaka yote baadaye tulikuwa tunakutana barazani, yeye akinilinda na mimi nikimficha.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ulikuwa na mimba," alisema. "Halafu ulikuwa na mutoto muchanga. Halafu nikazoea."

Upepo ulitoka ziwani ukaleta harufu ya samaki, naye akageuza uso kidogo, kama zamani. Kisha akapapasa tena, safari hii si mguu wa mtoto bali mkono wangu. Alikitafuta kidole gumba changu akakipeleka mpaka kwenye mguu wa binti yangu, akakiweka pale penyewe, nyuma ya vidole.

"Bonyeza," alisema.

Nilibonyeza. Nilihesabu kwa sauti ili asikie, moja mpaka tano. Nikaondoa kidole. Ngozi ilikuwa nyeupe kidogo, kisha damu ikaingia, nyama ikajaa, pakawa sawa kama hapajaguswa.

"Limerudi," nilimwambia.

"Aksanti," alisema. "Na ule wa pili."